Ukishaacha

Mwaka ule nilifanya kazi kama mtu anayeosha vyombo vya wengine: mikono inakwenda, moyo haupo. Kaka yangu alikuwa ametoka jela, alikofungwa kwa msokoto mmoja wa zatla, yaani hashishi, na tangu arudi alikuwa akishinda mbele ya televisheni bila kujali inaonyesha nini. Kwa hiyo Daktari Raudha, anayetibu vijana pale Bizerte, kaskazini mwa Tunisia, aliponiomba nitengeneze programu ya simu ya kuwasaidia wanafunzi kuacha hashishi, niliitikia kama ninavyomwitikia muuza mkate.

Tulikutana nao kwenye kituo cha vijana. Niliwaonyesha nilichochora: jani la kijani lenye mstari mwekundu, na pongezi za kila asubuhi. Wakatafuna mbegu za alizeti. Aliyefungua kinywa ni Shiraz, binti wa miaka kumi na saba mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi.

"Dada Wisal, hii umeichora kwa ajili yetu au kwa ajili ya polisi?"

"Kwa nini?"

"Polisi akinisimamisha, akachukua simu, akaona jani. Nimwambie nini? Napenda bustani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Daktari Raudha akanigeukia. "Hilo hatukulifikiria."

Mimi ndiye niliyepaswa kulifikiria. Nilitarajia nitaona aibu, sikuona chochote. Nikalifuta jani, nikaweka paka aliyelala.

Pongezi nazo Shiraz alizisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "'Hongera, shujaa!' Nani anaongea hivi? Labda shangazi yangu, akitaka nimfulie zulia." Tukaziondoa. Yeye mwenyewe akaandika nyingine: *Hamu imebisha hodi. Kunywa maji. Itaondoka, haina pa kulala.*

Majira ya baridi wakaanza kuitumia programu. Shiraz alijibu maswali yake kila siku, kisha akaacha kujibu.

"Ameirudia hashishi," Daktari Raudha alisema. "Huwa hivyo. Hebu nenda ukamwone, si mnakaa jirani?"

Mama yake, Bi Mbarka, alinifungulia mlango mikono imejaa unga. "Karibu, mwanangu. Yumo ndani. Havuti tena, alhamdulillahi. Lakini hata kugombana nami hataki. Afadhali angenigombeza."

Shiraz alikuwa amekaa kitandani na koti lake, simu imelala kifudifudi.

"Mbona kimya?" nikamuuliza.

"Inaniuliza kama nimevuta. Sijavuta. Inaniambia vizuri sana. Basi."

"Kwani si vizuri?"

"Nikivuta, nilikuwa nasikia kitu, hata kama ni upuuzi. Sasa nimeacha, dada. Nifanye nini? Baada ya hapo umeandika nini?"

Baada ya hapo, kwenye programu, nilikuwa nimechora maua yanayodondoka tu.

"Sijaandika kitu."

"Nilijua."

Hakusema kwa hasira. Nikakaa kando yake. Nikamsimulia habari za kaka yangu, ambazo kazini sikuwa nimemwambia mtu.

"Anaangalia nini kwenye hiyo televisheni?" akauliza.

"Chochote. Juzi watu walikuwa wanateleza kwenye barafu."

"Maskini," akasema, na pembe moja ya mdomo ikasogea kidogo.

Bi Mbarka akatuita, tukala kuskusi ya samaki.

Kesho yake nilimweleza Daktari Raudha kwamba binti hakuirudia hashishi, ila sisi ndio tuliomwacha njiani. Tukaondoa maua, tukaweka mwaliko: alasiri ya Alhamisi, kituo cha vijana, Raudha yupo, hata kama huna la kusema. Shiraz alikuwa anakuja, anakaa, anaondoka. Mwaka huo alifeli mtihani, akarudia darasa. Kwenye harusi ya binamu yake alivuta. Aliniambia mwenyewe, kama anayeniambia mvua imenyesha. Kisha akaacha tena.

Majira ya machipuko ya mwaka uliofuata mradi ulifungwa, lakini Raudha aliendelea na Alhamisi zake. Siku moja nilimkuta Shiraz sokoni, amebeba mfuko wa vitunguu. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Sijui." Akafikiri. "Leo nasikia njaa."

Tukaingia kwa muuza lablabi, ile supu ya dengu na mkate, akaagiza bakuli lenye pilipili nyingi, akala lote.