Pepo Aliyetaka Kitanda

Mukami alipenda filamu za mapepo, wala si kwa ajili ya kutishwa. Alizitazama kwenye simu katika saluni yake hapa Mbotela huku akisuka vichwa vya watu, akajifunza jambo moja: binti mwema akipagawa hutukana ukoo mzima, na kesho yake hupelekewa uji kitandani. Hakuna wa kumlaumu. Eti si yeye.

Naye Mukami alikuwa na lake lililomkaa kooni: kakake Thuo. Thuo alirudi kwa mama yao, alikoishi Mukami, kukaa wiki moja tu baada ya kuachishwa kazi. Sasa Krismasi ya pili ilikuwa inabisha hodi, naye bado analalia kitanda cha Mukami, Mukami akijikunja sakafuni hadi mgongo ukamlia. Lakini amwambie atoke? Thubutu! Huyo ni kifungua mimba, na mtaa mzima ulimwita mama yao Mama Thuo.

Basi Alhamisi maombi yalipofanyiwa kwao, Mukami alianguka puu katikati ya pambio. Akatoa macho, akanguruma. Pasta Mugo akavua koti, maana kazi imepatikana.

"Pepo, jina lako nani?"

Lo! Hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Ki... Kitanda!" akafoka. "Mimi ni Kitanda! Thuo atoke!"

Watu wakashika vinywa. Thuo, mjanja wa kuzaliwa, akameza andazi lake kwanza.

"Pasta, siwezi hama na siz ako hivi. Nani atamchunga? Nitakaa tu."

"Amina!" wakaitikia waumini. Mukami akabaki chali, machozi ya kweli yakimlengalenga. Kwa ujanja wake mwenyewe alikuwa amempa Thuo hati ya kitanda.

Ndipo birika la chai likaanguka. Mama yao, mwanamke asiyejua kupaza sauti, alijibwaga kando ya bintiye, ila polepole, kwa sababu ya goti lake bovu.

"Toka kwangu, Thuo!" akanguruma. "Unakula, unalala, msichana wangu analala chini! Nimechoka!"

Pasta akamrukia na chupa ya mafuta. "Na wewe pepo, jina lako nani?"

"Mimi si Mama Thuo tena!"

Thuo akaanza kutafuta viatu vyake. Chini pale, katika kelele za maombi, Mukami alihisi mkono wa mama ukimshika.

"Tulia hapo hapo," mama akamnong'oneza. "Tusipone kabla hajafunga begi."