Friji ya Insulini Ilivyopaa

Jumatatu asubuhi mfamasia alikuta friji ya insulini imeinuka shubiri moja kutoka sakafuni. Alichukua ufagio akafagia chini yake, maana tangu duka lifunguliwe hapajawahi kufagiwa.

Redioni waziri wa fedha alikuwa anasema huenda dola zikapigwa marufuku, na huenda zisipigwe. Kufika adhuhuri sarafu ilikuwa imeporomoka, na friji ilikuwa usawa wa kifua. Mfamasia hakuchelewa kuelewa. Waziri akikataza, friji inatulia. Akiruhusu, inatulia. Ila akisema "bado tunatafakari," sarafu inaanguka, friji inapanda, na waya wake unarefuka ili dawa zisiharibike.

"Mwanaharamu mkubwa," alisema shangazi yake, ambaye bila insulini hakuwa na maisha. "Si achague hata uongo mmoja akae nao!"

"Tulia, shangazi. Naleta ngazi."

Ngazi ya mpaka rangi ilitosha hadi Jumatano. Maduka mengine nayo friji zao zilikuwa hewani, na hospitalini vivyo hivyo. Wateja waliingia, wakatazama juu, wakamtukana mfamasia kwamba kaipandisha makusudi. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Alhamisi waziri akatafakari tena, friji ikatoboa dari, ikatoboa bati, ikaelea juu ya paa. Mfamasia alipanda, akanyoosha mkono, akagusa miguu ya friji tu. Alilia kwa hasira huko huko juu, mchana kweupe, watu wakimwangalia.

Wiki iliyofuata walimzika shangazi.

Alipofungua duka tena, dereva wa waziri aliingia, akatoa noti za dola, akazinyanyua. Friji ikashuka kupitia tundu la dari, ikatua mbele yake kama kuku aliyeonyeshwa mtama. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi akanyoosha noti za nyumbani. Mlango wa friji ukajifunga. Dereva akanyanyua zake tena, ukafunguka, akachukua vikasha vyote.

"Vya mama mkwe wa mzee," alisema.

Mfamasia alimchukia, akamchukia aliyemtuma, akamchukia na huyo mama mkwe asiyemjua. Kisu cha kukatia maboksi kilikuwa kwenye kaunta, karibu na mkono wake. Alikiangalia. Kisha alimpangia vikasha kwenye mfuko, akaweka barafu, akafunga vizuri.

"Karibu tena," alisema.