Mbelewele za Siku Tatu

Daktari wa mahindi alishuka garini akitabasamu peke yake. Mkobani alikuwa na majibu kutoka kinuni: punje za mahindi yake chotara ni ngumu, nzito, zinatoa unga mwingi na pumba kidogo. Upande wa mavuno hakuwa na shaka. Miaka tisa alikuwa akioanisha mbegu mbili, moja mama na nyingine baba, ambazo kila moja peke yake ilikuwa kichekesho. Mama alikuwa mfupi, akiishia kiunoni mwa mtu. Baba mwembamba, upepo ukipita analala. Lakini wakikutana, mtoto huwapita wazazi wote wawili, na hindi hujaa mpaka ncha.

Hakwenda nyumbani kuoga. Alipitiliza kwenye kitalu cha kuzalishia mbegu: mistari minne ya mama, miwili ya baba. Kazi ya pale ilikuwa moja tu, kung'oa mbelewele za mama, yale maua ya kileleni, kabla hazijamwaga chavua, ili azae na baba peke yake.

Mistari ya mama ilikuwa imechanua yote. Aligusa mmea mmoja, vumbi la manjano likamjaa kiganjani.

Msimamizi wa vibarua, mama mtu mzima aliyezoea kumwita mwanangu, alikuja nyuma yake taratibu.

"Mwanangu, nilisema. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Mkuu wa kituo akatupeleka kupaka chokaa mawe ya njiani, siku tatu. Mgeni anakuja kesho."

Daktari alimkuta mkuu wa kituo ofisini akikagua ratiba ya mapokezi.

"Siku tatu tu, Daktari! Na mahindi si yapo? Yanapendeza."

"Mama amejichavusha mwenyewe, mzee. Mkulima atafungua pakiti, nusu ya shamba lake itaota vibushuti."

"Basi tutachambua."

"Kwa macho yapi? Punje zote zinafanana."

Mkuu alikuna kidevu. "Mvumilivu hula mbivu, Daktari."

"Nimevumilia miaka tisa. Mbivu zenyewe mmezipaka chokaa."

Alitoka kabla hajasema la kumfukuzisha kazi.

Kesho yake mgeni alifika, akapita kando ya mawe meupe bila kuyatazama. Kitalu ndicho kilichomvutia. Aliomba apigwe picha katikati ya mistari ya mama, Daktari ubavuni pake.

"Hongera sana. Wakulima watapata lini?"

Mkuu alifungua mdomo, Daktari akamwahi. "Hawapati. Kitalu hiki kimeharibika, nakifyeka leo."

Mgeni alicheka, akidhani ni utani wa kitaalamu, akasogea kwa picha nyingine. Mkuu hakucheka.

Magari yalipoondoka, Daktari alichukua panga mwenyewe. Msimamizi akawaita wenzake, wakaanzia upande wa pili. Hakuna aliyeimba. Mabua yalikuwa mabichi, yakikatika kwa sauti ya maji, na kila pigo liliwanyeshea chavua kichwani. Katikati ya kazi simu ililia. Alikuwa mdogo wake, mwenye shamba la ekari mbili, aliyeahidiwa mfuko wa kwanza wa mbegu.

"Dada, nimeshasikia umefaulu kinuni! Nilime lini?"

"Lima, ila panda mbegu ya dukani."

"Tena? Si ulisema mwaka huu?"

"Nilisema."

Mdogo wake akaguna. "Haya, dada. Hata mwaka jana ulisema."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya mkuu, kwa sababu lilikuwa kweli. Akaweka simu mfukoni, akafyeka mstari uliobaki kwa hasira, machozi yakimziba macho, hadi msimamizi akamshika mkono.

"Utajikata, mwanangu."

Jumatatu alipeleka barua kwa mkuu: vibarua wa kitalu wasipangiwe kazi nyingine bila saini ya Daktari. Mkuu aliisoma mara mbili, akasaini bila kumtazama. Daktari akaenda kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu, akapima kilo nne za mama, mbili za baba, akaanza kuhesabu siku za msimu ujao.