Siku Dereva Alipobebwa

Dereva alibadilisha viatu mpaka mumewe akachoka kutazama. Jeshini alikuwa akiendesha lori la majeruhi, na ingawa lori lenyewe lilishauzwa chuma chakavu, jina lilimganda. Hata mumewe, kinyozi mstaafu, alimwita hivyohivyo. Jumapili iliyopita askari wastaafu walimchagua awe mwenyekiti wa chama chao, mwanamke wa kwanza, na leo walikuwa wanampongeza.

"Vaa vile vyeusi," mumewe akasema. "Utakuwa juu kule, watu wataona soli tu."

"Soli nimeshazipiga brashi."

"Soli? Dereva, wewe!"

"Kwani wewe hukuwa unanyoa nyuma ya masikio ya watu? Nani alikuwa anapaona?"

Mzee akaendelea kutafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

Soli zilikuwa na sababu. Katika chama chao, mwenyekiti mpya hukalishwa mlangoni kwenye kiti kizito cha mbao, wanne wakakiinua, kila mmoja na mguu wake, wakampeleka mpaka meza ya mbele. Mguu wa mbele, upande wa kulia, hushikwa na yule aliyeshindwa naye kwenye kura, ili kinyongo kiishie palepale mlangoni. Miaka yote Dereva alikaa mabenchi ya nyuma pamoja na wajane, akitazama viatu vya wanaume vikipita juu ya vichwa vyao. Hakumwambia mtu, ila safari ile alikuwa anaitamani kama mtoto anavyotamani kubebwa mgongoni.

Walipofika, kiti kilikuwa mlangoni, kimefutwa kinang'aa. Wabebaji wanne walikuwa wamesimama mbali nacho, kama watu wanaoogopa kukigusa: Mpishi, Fundi Redio, Tarumbeta, na Sajini, ambaye Dereva alimshinda kwenye kura.

"Dereva," Sajini akasema huku akiangalia sakafu ya saruji, "tumeshauriana. Safari hii utembee tu. Tutakupigia makofi mpaka bati zing'oke."

"Nitembee? Kwa nini?"

Mpishi ndiye aliyejitoa.

"Dada yangu, hebu itazame timu yenyewe. Fundi Redio kapasuliwa ngiri juzijuzi tu. Mimi mgongo. Tarumbeta pumzi zote alizimalizia kwenye tarumbeta. Sajini goti. Tukikuangusha, tutakupongeza na kukuzika siku hiyohiyo, na chai tumepika ya shughuli moja."

Dereva akacheka nao, lakini moyo ulimshuka. Kesho watu wangesema desturi ilikufa siku alipoingia mwanamke. Na Sajini je? Wangesema amenuna, amekataa kumbeba. Naye Dereva alijua goti lile si kisingizio. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa lori lake, goti limefungwa kwa mkono wa shati, huku Sajini akimtukana kila gurudumu lilipoingia shimoni.

"Sajini, goti lako nalijua kuliko mkeo."

"Usiseme kwa sauti, yupo ndani."

"Linaweza hatua ngapi?"

Sajini akalipapasa. "Tatu. Nne, likiwa limeamka vizuri."

"Basi twende tatu, tutue. Tupumue. Tatu tena. Lori langu si lilikuwa linachemka kila mlima? Tunasimama, tunalipoza, tunaendelea. Tulifika au hatukufika?"

Wakatazamana. Sajini akakunja mikono ya shati. "Kaa," akasema. "Ila usicheke ukiwa juu, uzito unaongezeka."

Wakamwinua. Kiti kikayumba, ukumbi mzima ukabana pumzi, na Dereva akafumba macho. Hatua tatu, wakamtua.

Alipofumbua, mbele yake palikuwa na uso wa mjane wa fundi magari wao. Miaka yote viti vilimpita juu mama huyu. Sasa walikuwa wanaangaliana, magoti yanakaribia kugusana.

"Hongera, mwenzangu," mjane akasema, akamshika mikono yote miwili. "Lakini paa letu la huku nyuma linavuja. Nakwambia mapema, kabla hujawa mkubwa."

Wakainua tena, wakatua benchi linalofuata. Hapo akakumbatiwa na aliyekuwa muuguzi, akapewa mjukuu ambusu. Mbele kidogo mtu akapaza sauti, "Dereva, simamisha, na huku kuna abiria!" Kicheko kikalipuka, Mpishi naye akacheka, kiti kikaenda upande, ikabidi watue kabla hatua tatu hazijatimia. Mke wa Sajini akatoka kwenye benchi lake, akamfuta mumewe jasho kwa kitambaa chake cha kichwa, akarudi kukaa kama hakufanya kitu. Mshereheshaji alishakunja ratiba yake, akaitia mfukoni.

Katikati ya ukumbi Sajini alikuwa anachechemea waziwazi. Mkwewe, kijana mwenye mabega kama kabati, akainuka.

"Baba, niachie mimi mguu huo."

"Kaa chini! Huyu amenishinda mimi, hakukushinda wewe."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sajini akajikaza kisabuni, akang'ata meno, na benchi kwa benchi wakasogea mpaka kiti kikagota kwenye meza ya mbele. Hapo wote wanne wakaachia kwa pamoja, na Sajini akajikuta ameketi sakafuni, miguu mbele, akihema na kucheka.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema kutoka kule chini, "hotuba iwe fupi. Mimi siinuki mpaka umalize."

Dereva akasimama. Hotuba alikuwa nayo, ameikariri wiki nzima. Akautazama ukumbi, kuanzia mbele mpaka wajane wa mlangoni, na hakuona hata mkono mmoja ambao hakuwa ameushika.

"Nilikuwa na maneno," akasema, "lakini nyote nimeshaongea nanyi njiani. Paa la nyuma nimelisikia. Mleteeni Sajini chai."