Anayeonja Kwanza

Plagi ilikuwa inaning'inia. Niliiona kabla sijaitazama friji yenyewe, Jumapili ile asubuhi, nilipofungua stoo ya Mama Priscilla. Waya ulikuwa umelegea ukutani na plagi imeelekea sakafuni. Niliufungua mlango wa friji. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu.

Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu: samaki wa moshi aliyetoka Ulaya kwa ndege hadi Nairobi, kisha akaletwa Malindi siku ya Alhamisi. Samoni, ndivyo Mama Priscilla alivyomwita. Alikuwa amefungwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imelowa.

"Shangazi," niliita. "Shangazi, njoo."

Shangazi Kahonzi alikuja akijifuta unga mikononi. Alikuwa amepika katika nyumba ile ya mtaa wa Shella kwa miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi minne iliyopita, na shahada yangu ya sayansi kimu, nikingoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Kukiwa na wageni nilikwenda kumsaidia. Nilipenda kumsaidia. Yeye ndiye aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule.

Aliitazama plagi, akaweka mkono mdomoni.

"Mulungu wangu," alisema. "Ni mimi. Ijumaa jioni. Ile radi."

Nilielewa papo hapo. Kwetu Ganze radi ikianza kunguruma vioo hufunikwa, vyombo vinavyong'aa huondolewa, na watu hukaa kimya mpaka ipite. Shangazi alipokuja kufanya kazi kwenye nyumba ya umeme aliongeza sharti lake mwenyewe: kuchomoa plagi zote. Ijumaa alichomoa ya jikoni na ya stoo. Ya jikoni aliirudisha. Kabla hajafika stoo, mtu alimletea habari kwamba binamu yake amefariki. Alfajiri ya Jumamosi, siku yake ya mapumziko, aliondoka kwenda matangani, na ufunguo wa stoo umefungwa kwenye pindo la leso yake, akarudi usiku bila kupita stoo.

"Siku moja na nusu," nilisema. "Kwenye joto hili."

"Leta nimwone."

Alimfungua samaki. Vipande vilikuwa vyembamba, vyekundu kama papai lililoiva, vikimetameta kwa mafuta. Alibonyeza kwa kidole gumba. Alinusa. Nami nikanusa. Harufu ilikuwa moja tu, moshi, na nyuma ya moshi ule hatukuweza kujua kuna nini. Tungejuaje? Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona samaki huyu akiwa mzima, achilia mbali akiwa ameoza.

"Hana kitu," alisema, lakini hakunitazama. "Samaki wa moshi haozi. Ng'onda wa Takaungu hukaa miezi."

"Ng'onda amekaushwa na kutiwa chumvi mpaka akawa gogo, shangazi. Huyu amepitishwa tu kwenye moshi wa baridi. Ni kama mbichi."

"Umeyasoma hayo?"

"Nimeyasoma."

"Basi kwenye kitabu chako mliandikiwa mpishi aliyeharibu samaki wa tajiri hufanywa nini?"

Nilimjua Garama, aliyekuwa akitunza bustani. Mwaka uliopita alisahau kufunga bomba, tangi likakauka watu wakiwa na wageni. Mama Priscilla hakumpigia kelele. Alimwambia mara moja tu, kwa upole, na kufikia adhuhuri Garama alikuwa nje ya lango na sanduku lake.

"Tumwambie," nilisema. "Dada yake ana mimba ya miezi saba."

Hilo ndilo nililoliogopa zaidi. Jedida, mdogo wake Mama Priscilla, alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili. Alikuja Malindi kupumzika, na chakula hiki kilikuwa cha kumfurahisha yeye. Nilijua samaki aliyeharibika anaweza kumfanya nini mama mjamzito. Nilikuwa nimelifanyia mtihani, nikapata alama nzuri.

Shangazi alifungua mdomo kunijibu, na viatu vya Mama Priscilla vikasikika ukumbini.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Sidi. Mmeona anga lilivyotakata? Kahonzi, mikate yangu iko wapi?"

Alikuwa na furaha kama mtoto. Aliwahi kusoma mambo ya hoteli huko New York miaka miwili, na huko, alituambia, siku ya Jumapili watu hawali chai ya asubuhi wala hawangoji chakula cha mchana. Hukaa saa tano ya asubuhi kuuzunguka ubao mmoja mkubwa wa chakula, kila mtu akajijazia mkate wake, wakazungumza mpaka wachoke. Mikate yenyewe huitwa begeli, ya mviringo yenye tundu katikati, na yeye ndiye aliyemfundisha shangazi kuipika.

"Iko tayari, mama. Nimeichemsha, nimeioka," shangazi alisema. "Lakini bado sijajua mkate huu umetenda kosa gani hata uadhibiwe mara mbili."

Mama Priscilla alicheka. Alimgusa shangazi begani, akaniambia, "Sidi, wewe una jicho. Panga ubao vizuri. Samaki umkunje kama waridi."

Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Plagi ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Neno lilifika ulimini likakaa pale. Nilimtazama shangazi, nikaiona mikono yake ikiikunja na kuikunjua aproni, nikasema, "Sawa, mama."

Nilipanga ubao. Ulikuwa wa mvule, mrefu kama meza ndogo. Nilipanga begeli ukingoni, zikipishana. Katikati nikaweka bakuli la jibini laini, ambalo shangazi alikuwa ameligandisha kwa maziwa na ndimu, akalikamulia kwenye kitambaa. Nilikata vitunguu vyembamba hata ungeweza kuona mkono kupitia kwavyo. Nyanya, matango, mayai ya kuchemsha, ndimu za bustanini. Halafu nikamchukua samaki. Nilikunja waridi moja, nikakunja la pili. Vidole vyangu viling'aa mafuta na jasho likanitiririka mgongoni. Nilikuwa nimeapa, siku nilipovaa joho la mahafali, kwamba nitakuwa mtu wa kusema kweli kwa watu. Nilikunja waridi la saba.

"Nitambeba mimi," shangazi alisema.

"Shangazi, tafadhali."

"Nimesema nitambeba mimi. Wewe leta maji ya matunda."

Barazani waliketi watu wanne: Bwana Thuku, mume wa Mama Priscilla; Bwana Ochola, rafiki yake wa ofisini, mtu wa maneno mengi; Mama Priscilla mwenyewe; na Jedida, kwenye kiti cha mto, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Lahaula! Hiki ni chakula au ni arusi?" Bwana Ochola alisema.

"Wewe hata kwenye arusi yako hukupewa ua," Bwana Thuku alimjibu.

Shangazi aliuweka ubao mezani. Hakurudi nyuma. Alisimama pale, mnyoofu, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia mbele ya wageni:

"Samahani, mama. Kwetu Wagiriama, mwenye kukaribisha mtu mnazi hunywa yeye kwanza. Ndipo mgeni anapojua hakuna sumu. Leo mnao wageni wawili ndani ya mwili mmoja. Niruhusuni nionje."

Walipigwa na bumbuwazi, kisha Jedida akapiga makofi. "Mwacheni! Ni vizuri hivyo."

"Kumbe tunakunywa mnazi na sikuambiwa," Bwana Ochola alisema.

Shangazi alichukua waridi zima, akalitia mdomoni. Alitafuna polepole, akitazama mbele. Alimeza. Akachukua la pili, akameza. Nilijua anachofanya. Alidhani kwamba kama kuna ubaya, utamwangukia yeye papo hapo, waone, waache. Alikuwa amejitoa awe kipimo.

Sekunde zikapita. Shangazi alisimama salama, na uso wake ukaanza kulegea.

Hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka ikawa kitu kingine. Mnazi wenye sumu humwangusha mnywaji mbele ya macho yenu. Uozo wa samaki hauna haraka hiyo. Huingia kimya, hungoja saa nne, saa sita, hata kutwa nzima. Shangazi hakuwa amewaonya. Alikuwa amewahakikishia.

"Basi, kama mpishi mwenyewe yu hai," Jedida alisema akicheka, akaikata begeli yake, akaipaka jibini, akanyoosha uma kwenye waridi lililokuwa karibu naye.

Jagi lilinitoka mkononi. Sikumbuki kulisikia likivunjika.

"Usile!" nilipiga kelele. "Dada Jedida, usile! Friji ilizimwa tangu Ijumaa!"

Uma ulisimama hewani. Kipande kilikuwa kimening'inia kwenye ncha yake. Maji ya maembe yalitambaa sakafuni yakafika kwenye viatu vya Mama Priscilla, naye hakuvitoa.

Alinyoosha mkono, akauchukua uma wa dada yake, akauweka chini.

"Nani mwingine amekula?"

"Hakuna, mama," nilisema. "Ni shangazi tu."

"Sidi," shangazi alisema, taratibu sana. "Umenivua nguo mbele za watu."

Alikwenda jikoni. Nilimfuata. Aliosha sufuria iliyokuwa imekwisha kuoshwa. Mama Priscilla alikuja, akamwaga vipande vyote vya samaki kwenye shimo la taka kwa mkono wake mwenyewe, akaingia ndani, akafunga mlango. Hilo la kufunga mlango ndilo lililotutisha. Shangazi alianza kukusanya vitu vyake: kanga mbili, chanuo, picha ya mwanawe Lewa.

Saa tisa alasiri alikuwa bado anavikunja alipoketi ghafla. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alisema anaona baridi. Kisha akainama, akatapika, akatapika tena, mpaka hakukuwa na cha kutoka, na bado mwili ulikuwa ukijikunja. Nilibisha ule mlango kwa ngumi zote mbili.

Mama Priscilla aliendesha gari mwenyewe. Nyuma nilimpakata shangazi kichwa mapajani. Ngozi yake ilikuwa imelowa jasho, ya baridi, macho yamerudi ndani. Nilihesabu pumzi zake kutoka Shella hadi hospitali. Mara mbili nilidhani zimekwisha.

Walimtundikia maji. Jua lilikuwa limeshuka dirishani alipofungua macho. Mama Priscilla alikuwa ameketi kwenye benchi, beseni mapajani, gauni lake la Jumapili limechafuka.

"Yule mwenye mimba," shangazi alisema. "Alikula?"

"Hakula."

Shangazi alifumba macho. Alinitafuta kwa mkono bila kutazama, akanishika kidole kimoja, akakibana kwa nguvu mpaka kikauma.

Mama Priscilla aliinamia kitanda. "Kahonzi, Sidi ameniambia ulichomoa kwa sababu ya radi. Si kosa. Ungeniambia tu asubuhi."

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa radi mpaka Jumapili?"

"Radi hupita," shangazi alisema. "Garama hakurudi."

Mama Priscilla alitazama beseni. Mwishowe aliinuka, akamwaga maji machafu, akalisuuza beseni, akarudi nalo. Aliketi pale pale, akamwinua shangazi kichwa, kwa sababu kutapika kulikuwa kumeanza tena.