Kupe Mmoja Tu

Kazi ya Bilha ni kuwavalisha nguo wazee wa watu kule Falls Church, Marekani, na sheria yake ni moja: mkono unaouma ndio unaotangulia. Asubuhi hiyo, nyumbani kwake Riverdale Park, alikuwa anamvalisha binti yake wa miaka ishirini, na mikono yote miwili ilikuwa inauma. Sasa aanze na upi?

Jeptoo alikuwa anarudi chuoni baada ya kukosa muhula mzima. Walimu walikubali asome masomo mawili tu, lakini akishindwa tena, nafasi yake ingekwenda. Dawa za ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe, alikwisha kuzimaliza. Maumivu na uchovu ndivyo vilivyogoma kutoka, na daktari hakujua vingegoma mpaka lini. Akina mama wa kanisani walisema huo ni uvivu wa Marekani. Bilha aliwaachia chai yao mezani akaenda zake.

Njiani Jeptoo alirudia ukurasa ule ule wa kitabu hadi akakifunga.

"Mum, hii kitu nilikuwa naijua. Nilikuwa na-teach wenzangu."

"Itarudi, mama," Bilha akasema, na moyo ukamuuma kwa sababu hakuwa na hakika.

Alipoegesha gari mbele ya jengo la darasa, alishindwa kunyamaza. Mwaka uliopita Jeptoo alikwenda kulala porini na wanafunzi wenzake, akakuta kupe nyuma ya goti, akampigia mama yake simu huku analia. Bilha, aliyekulia Nandi kati ya ng'ombe, alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao kupe ni balaa la ndama, si la mtu. "Kupe mmoja tu ndiye anakuliza? Mng'oe umtupe, urudi kwa vitabu!" Homa ilipokuja, na wekundu mguuni, mtoto alijikaza kwa wiki kadhaa asije akachekwa tena.

"Nisamehe kwa kile kicheko," Bilha akasema.

"Mum, sikukasirika. Nilikupigia juu wewe ndio ulikuwa unajua kupe. I believed you."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ulimkata Bilha maini. Heri angetukanwa.

Jeptoo akafungua mlango, akateremsha miguu, akasimama huku ameshikilia gari. Wanafunzi walimpita mbiombio na vikombe vyao vya kahawa. Akatazama ngazi za darasa, kisha akaketi tena.

"Turudi nyumbani."

"Pumzika kidogo, halafu nitakushika mkono hadi ndani."

"Si leo, Mum. Hata kesho sitaweza. Nimechoka kujidanganya."

Bilha alikuwa amejiandaa kubembeleza siku nzima, lakini aliteremka. Akazunguka gari, akainua miguu ya mwanawe, akairudisha ndani, akafunga mlango taratibu. Halafu akabaki pale nje, akalia kwanza.