Unachokitaka Usikitazame

Mume wangu si mtu wa maswali. Miaka yote tuliyoishi pamoja, swali lake kubwa lilikuwa "kuna chai?" Kwa hiyo jioni ile alipoweka kijiko chini akatuuliza, mimi, mama yake na binti yetu, kama tungelazimishwa kuhama nchi tungependa kwenda kuishi wapi, nilijua pana jambo. Dalili ya mvua ni mawingu.

"Mchezo tu," akasema. "Tulikuwa tunaulizana kazini."

Kazini kwake ni bohari ya dawa. Yeye ndiye mtunzaji: anapokea maboksi, anayapanga, anayatoa kwenda hospitali. Wenzake nawajua, mazungumzo yao ni mpira na maumivu ya mgongo. Tangu lini wakaulizana habari za kuhama nchi?

"Ila msichague popote tu," akaendelea, huku macho yake yakiwa kwenye sahani. "Chagueni kati ya Kanada, Ureno na Uruguai."

Mchezo gani huo wenye nchi tatu, tena zimeshachaguliwa?

Mama mkwe alicheka bila kufungua mdomo. "Mimi na magoti haya? Popote pasipo na ngazi." Binti akapiga kelele kwamba anataka Kanada akaone theluji. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Hapa lazima niseme habari za Kanada. Kabla hajanioa, mume wangu alikuwa na mchumba aliyesoma naye. Mchumba akaolewa na mtu mwingine, akapelekwa Kanada, na mwaka huu ameachika. Habari hizo nilizipata kwa wifi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki. Basi niliposikia Kanada imetajwa ya kwanza, nilihisi kama nimepigwa kofi.

Nikaamua kumvua kama samaki. Mimi ni fundi cherehani, na biashara ya vitambaa ina adabu yake: unachokitaka usikitazame. Ukiingia dukani ukapenda kitambaa cha buluu, unakipa mgongo, unasifu cha kahawia mpaka mwenye duka ajue umekufa umeoza. Ukiwa unatoka ndipo unakishika kile cha buluu kwa ncha za vidole: "Na hiki kilichopauka mnakiuzaje?" Bei inashuka yenyewe. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, naye fundi. Mume wangu ndiye hunibebea mifuko siku za manunuzi. Husimama nyuma yangu kimya kama kabati, na sikuwahi kufikiri kwamba anasikiliza.

"Mimi Kanada," nikasema kwa sauti ya sukari. "Jamani, Kanada! Pasafi, pametulia, watu wastaarabu. Hata kesho ukisema twende, mimi huyo."

Nikamkazia macho nione kama uso utamsaliti. Hakushtuka wala hakufurahi.

"Na Ureno?" akauliza.

"Ureno?" Nikabetua midomo. "Si hiyo iliyo kwenye kalenda chumba cha cherehani? Vichochoro na ngazi tupu. Watu wanaanika chupi juu ya vichwa vya wapita njia. Hata picha yenyewe imepauka."

"Kweli imepauka," akasema, akarudi kula.

Kuanzia hapo nikawa polisi ndani ya nyumba yangu. Na mwenye macho haambiwi tazama. Simu yake ikilia, anatoka nayo mpaka kwenye tangi la maji na kuongea akiwa amegeukia ukuta. Njia ya kurudi nyumbani ikawa haijulikani: leo ya barabarani, kesho ya uchochoroni, na siku moja aliingia kwa mlango wa nyuma suruali ina tope hadi magotini, eti alikuwa anakwepa foleni. Foleni gani ya watembea kwa miguu? Nikiwa nashona mchana kweupe, anakuja kuvuta pazia. "Jua litapausha vitambaa," anasema. Mtu ambaye hajui tofauti ya pamba na hariri!

Siku nyingine akaniuliza koti la mtoto linachukua muda gani kulishona.

"Koti gani?"

"La kawaida tu. Si la theluji."

Mimi nilisikia koti peke yake. Usiku huo sikupata usingizi. Nilimwona mwanangu, ndani ya koti nililolishona kwa mikono yangu, ameshikwa mkono na mwanamke mwingine. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nikamnunia mume wangu kwa kila kitu, hata kwa namna alivyokunywa maji.

Kisha likaja gari. La kijivu, linaegeshwa ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha langu. Ndani kuna mwanamume anachokonoa meno. Hanunui kitu, hashuki, hasomi gazeti. Nikajiambia: huyo ni ndugu wa yule mwanamke, ametumwa kupima mali. Siku ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikavuka barabara na mkasi wangu mkononi.

"Kaka, unamsubiri nani?"

Akanitazama mimi, akautazama mkasi, akatabasamu. "Mumeo huwa anarudi saa ngapi, dada?"

"Hata mimi ningependa kujua," nikamjibu. Akacheka, akapandisha kioo.

Jioni nikamsimulia mume wangu kwa makusudi, mbele ya mama yake, nipate kuuona uso wake. Safari hii uso ulisema. Midomo ilimkauka.

"Umemwambia nini? Ulikuwa umetoka peke yako? Mtoto alikuwa wapi?"

"Kumbe mapenzi yenyewe yana mashemeji na magari!" nikafoka. "Niambie leo. Ni yule yule wa shuleni, au umepata mpya huko huko Kanada?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. Mama mkwe ndiye aliyesema. "Mwambie, mwanangu. Umeshamchelewesha."

Mama anajua! Nikavuta kiti nikakaa.

Akaniambia. Pale bohari, dawa zilizokwisha muda zilikuwa zinabandikwa karatasi mpya na kurudishwa hospitali. Alikataa kuzipokea, kisha akaenda kuyasema mahakamani, siku ambazo mimi nilidhani yuko kazini. Wakubwa waliofaidika hawajalala tangu siku hiyo. Yule wa gari la kijivu ni mtu wao. Kuna watu wanaolinda mashahidi. Walimpa nchi tatu zilizokubali kutupokea, wakataka jibu la familia. Jibu ameshalitoa. Tunaondoka Alhamisi. Mama hatakwenda, atahamia kwa wifi.

Nikakumbuka sauti yangu ya sukari. "Umechagua Kanada," nikasema. Nimejipeleka mwenyewe kwenye barafu, kwa mdomo wangu.

"Nimechagua Ureno."

"Lakini nilisema Kanada! Mama yako shahidi."

"Ulisema." Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikaribia kucheka. "Mke wangu, mimi nabeba mifuko yako. Kitu ulichokisifu ukakinunua sijakiona bado. Na ile kalenda ni ya mwaka juzi. Nyingine zote, mwaka ukiisha unazikata kuwa patani, vipimo vya kukatia kola. Hiyo tu ndiyo iko ukutani."

Kwenye picha ile, juu ya nguo zilizoanikwa, kuna mama mmoja dirishani na cherehani yake. Nimemtazama huyo mama kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye kazi, na sikumwambia mtu. Niliona aibu mpaka masikioni. Mtu niliyekuwa namchunguza kama mwizi alikuwa ananijua kiasi hicho.

Lakini hasira ilikuwa bado ipo. "Basi kwa nini hukuniambia mimi? Mama umemwambia. Mimi umeniacha nihangaike na mkasi barabarani."

Akawa anavunjavunja vidole vyake.

"Tangu tuhamie hapa umekuwa ukiiponda nyumba hii," akasema. "Bati linavuja. Maji ya shida. Majirani wambea. Hata siku moja hujaisifu. Ningeanzia wapi kukwambia uiache?"

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Upepo ukausukuma mlango wa mbele, nao ukalia vile unavyolia kila siku, mlio niliomlalamikia mume wangu mpaka akanunua mafuta ya kuutia, mafuta niliyoyaficha nyuma ya cherehani.

Nikataka, kwa mara moja tu, kusema neno lilivyo.

"Mlango wenyewe huu," nikasema, "kelele tupu." Machozi yakaanza kunitoka.

"Najua," akasema mume wangu. "Najua, mke wangu."